Mwalimu, Bundi na Mtoto wa Mkulima

Katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya mwanafunzi aweza kumchora panzi pasipo kosa lo lote. Huandika kichwa, kifua na tumbo mahali pake. Huonyesha miguu sita na jozi mbili za mabawa. Huchora kila mstari kwa kalamu iliyochongwa vizuri, na mwalimu humpa alama zake zote. Kisha kengele hulia, mwanafunzi hutoka nje, na akimkuta chura kizingitini humpiga teke. Hakuna mtu aliyemfundisha ukatili huo. Lakini pia hakuna aliyemwonyesha kwamba chura yule yule, usiku uliopita, alikuwa katika shamba la shule akila wadudu wanaoharibu mboga.

Ndivyo elimu ya wanyama, au zuolojia, ifundishwavyo mahali pengi. Mnyama wa kitabuni hujulikana kwa majina yake yote, na mnyama aishiye nyuma ya nyumba hajulikani kabisa. Hapana budi kusema pia kwamba lawama si ya mwalimu peke yake. Mwalimu mwenye watoto 50 darasani, na mtihani wa mwisho ukimngoja kama hakimu, hupata shida kuwatoa wanafunzi nje kwa saa nzima ili wamtazame mdudu mmoja. Mtihani huuliza majina ya sehemu za mwili. Hauulizi kama mtoto amewahi kukaa kimya chini ya mti akangoja ndege arudi kwenye kiota chake.

Hata hivyo jambo hili si dogo. Mwaka 1946 mbuga ya Nairobi ilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Kenya, na miaka miwili baadaye ikafuata ile kubwa ya Tsavo. Tangu siku hizo watu wengi wamezoea kufikiri kwamba wanyama wa porini wana mahali pao, nyuma ya ua na chini ya ulinzi wa askari, na kwamba raia hana shughuli nao. Wako wazee wawaitao wanyama hao ng'ombe wa Serikali. Lakini hesabu zaonyesha mambo mengine. Sehemu kubwa ya wanyama wa porini wa Kenya huishi nje ya hifadhi, katika malisho na mashamba ya watu. Mwaka 2016 wataalamu walioongozwa na Mkenya Joseph Ogutu walitoa habari ya uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba tangu mwaka 1977 wanyama wakubwa wa malishoni walikuwa wamepungua, kwa wastani, kwa 68 katika kila 100. Na mwaka 1977 ndio mwaka ule Serikali ilipopiga marufuku uwindaji! Sheria ilikuwako, askari walikuwako, na wanyama wakazidi kupungua, kwa sababu ardhi ilikatwa viwanja, nyua zikajengwa, na mifugo ikaongezeka.

Haifai kusema kwamba sheria haina kazi. Tembo wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walikuwa chini ya 20,000 ilipofika mwaka 1989. Nao walianza kuongezeka tena baada ya dunia kukubaliana mwaka huo kukomesha biashara ya pembe. Katika hesabu ya taifa ya mwaka 2021 walionekana 36,280. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila kijito na kila kichaka. Mwenye kuamua kama kichaka kitafyekwa au kitaachwa, kama sumu itatiwa katika mzoga au la, ni mwenye shamba. Na mwenye shamba wa miaka ishirini ijayo ni yule mtoto aliyempiga chura teke.

MAYAI YA CHURA

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Desemba mwaka 2004, alipokwenda Oslo kupokea Nishani ya Amani ya Nobel, aliwasimulia wakubwa wa dunia waliokusanyika pale habari ya mayai ya chura. Alipokuwa mtoto alitumwa na mama yake kuteka maji katika kijito karibu na nyumbani. Katikati ya majani ya nduma aliona nyuzi za mayai ya chura, akadhani ni shanga. Alijaribu kuzichukua kwa vidole vyake vidogo, na kila mara zilikatika. Siku zilipopita akaona viluwiluwi weusi wakicheza ndani ya maji safi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, alisema, kijito kile kilikuwa kimekauka, na akina mama walitembea mbali kutafuta maji ambayo pengine si safi.

Mtu huyu hakuwa mshairi tu mwenye kukumbuka utoto. Alisoma elimu ya viumbe huko Kansas, Marekani, akapata digrii mwaka 1964, na nyingine huko Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo, akafundisha elimu ya viungo vya wanyama kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo. Katika uchunguzi wake alishughulika na kupe waletao ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe wengi. Alipokwenda mashambani kwa ajili ya kupe, macho yake yaliona zaidi ya kupe: ng'ombe waliokonda, mito yenye rangi ya udongo, vilima visivyo na miti. Akatambua kwamba adui wa ng'ombe yule si kupe peke yake. Ardhi yenyewe ilikuwa mgonjwa. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la Green Belt Movement.

Yafaa mwalimu wa zuolojia aitafakari habari hii. Vyeo vya Marekani havikumpa Wangari kijito. Alikuwa nacho tangu utotoni. Elimu ilimpa njia ya kuelewa kwa nini viluwiluwi wametoweka. Mtoto asiyewahi kumwona kiluwiluwi hatamkosa atakapopotea, na mtoto aliyemwona asifundishwe zaidi atasikitika tu. Vitu hivi viwili vinahitajiana kama jembe na mpini.

NDEGE WA MKOSI

Basi mwalimu asiye na motokaa ya kupeleka watoto Tsavo, wala fedha za kiingilio, aanze wapi? Wengine wameona ni vizuri kuanza na mnyama yule anayechukiwa kijijini kuliko wote. Katika sehemu nyingi za nchi mnyama huyo ni bundi.

Kila mtu ajua yasemwayo juu ya bundi. Akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa. Kwa hiyo hupigwa mawe, huchomewa kiota, na watoto wake hutupwa chini. Mwalimu mwenye busara haanzi kwa kuwacheka wazee, kwa kuwa mtoto akisikia baba yake anachekwa shuleni hufunga masikio yake. Huanza kwa kuuliza swali: ni nani huwa macho usiku wa manane katika kijiji? Watoto hufikiri, kisha hujibu kwamba watu wote hulala, isipokuwa walio na mgonjwa. Mwalimu huendelea: na bundi, hulia usiku mmoja tu kwa mwaka, au hulia mara nyingi? Hapo darasa hunyamaza. Bundi hulia mara nyingi. Lakini usiku ambao watu wazima wamelala fofofo hakuna amsikiaye, na usiku ambao jamaa wamekaa kando ya kitanda cha mgonjwa kila mmoja humsikia. Mgonjwa akifariki, kilio cha bundi hukumbukwa. Swali hili dogo laweza kumpa mwanafunzi maana ya uchunguzi kuliko kurasa kumi za kitabu.

Kisha darasa hutoka nje. Yuko bundi mmoja mweupe kifuani, mwenye uso mfano wa moyo, apendaye kukaa katika majengo ya mawe, katika dari za makanisa, maghala ya zamani na mashimo ya miti mikubwa. Chini ya mahali alalapo huonekana vidonge vyeusi-vyeusi, vyenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Wengi hudhani ni mavi. Sivyo. Bundi hummeza panya mzima. Nyama huyeyuka tumboni, bali mifupa na manyoya, visivyoweza kuyeyuka, hukusanyika na kuwa donge, naye hulitapika. Kila donge ni kama barua iliyofungwa, nayo yaeleza bundi alikula nini.

Vidonge hivyo huokotwa, hutiwa katika mkebe na kuokwa kwanza katika joto ili kuua vijidudu, halafu hulowekwa katika maji. Wanafunzi wawili wawili huvichambua kwa miiba au sindano, wakitenga manyoya na mifupa. Hapo ndipo kazi ya zuolojia huanza kweli. Fuvu hili lina meno mawili marefu mbele, yaliyopinda kama patasi, na nafasi tupu nyuma yake: huyu ni panya. Fuvu lile ni dogo, refu, na meno yake makali yamepangwa mfululizo bila nafasi: huyu ni kirukanjia, ambaye hali nafaka, hula wadudu. Mafuvu yaliyovunjika hayapotezi hesabu, kwa sababu kila panya ana nusu mbili za taya la chini, na mwanafunzi huzihesabu na kuzigawanya kwa mbili. Mifupa hubandikwa katika karatasi nyeusi, na kila mmoja huandikiwa jina lake. Mtoto aliyeona haya kugusa vidonge asubuhi huonekana mchana akigombania mfupa wa paja.

Baadaye ndipo hesabu hufuata. Panya wa mashambani aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja, na watoto hao hukomaa kwa miezi michache. Jozi moja ya bundi wa namna hii, wanapolea makinda, hukamata panya wengi kila usiku, na kwa mwaka mzima idadi yaweza kupita elfu moja. Mwana wa mkulima ajua vizuri jinsi panya wanavyofukua mbegu za mahindi siku ya pili baada ya kupandwa, na jinsi wanavyotoboa magunia ghalani. Hahitaji mtu wa kumwambia kwamba hesabu hiyo ni debe ngapi.

Na baada ya faida huja maajabu, ambayo pengine ndiyo humshika mtoto zaidi. Masikio ya bundi huyu hayakupangwa sawa. Moja liko juu kidogo kuliko la pili, hata sauti ya panya humfikia kwa namna mbili tofauti, naye hutambua panya yuko wapi pasipo kumwona. Aweza kumkamata katika giza kabisa. Ukingo wa bawa lake una vijinyoya kama meno ya kitana, vinavyoupasua upepo kimya kimya, na kwa hiyo panya hamsikii akija. Watu wamemwita mchawi kwa sababu hupita bila sauti; kumbe siri yake yote iko katika unyoya mmoja ambao mwanafunzi aweza kuushika mkononi.

Somo hili lina upande wake mchungu, na haifai kuuficha. Mkulima anayetega sumu kwa panya humuua bundi pia, maana panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea amelegea, naye ndiye rahisi zaidi kukamatwa. Shamba lililopoteza bundi wake hurudiwa na panya, na mkulima hununua sumu tena.

WAKATI MNYAMA NI ADUI KWELI

Msomaji mwenye shamba kando ya msitu atasema: bundi ni sawa, lakini vipi nyani? Vipi tembo alalaye katika mahindi ya mtu usiku mmoja na kuyamaliza? Swali hili ni la haki, na mwalimu akilikwepa mafundisho yake yote hayana maana. Mtoto ambaye ada yake ya shule ililiwa na tembo hawezi kuambiwa tu kwamba tembo ni urithi wa taifa. Sheria ya mwaka 2013 imeweka malipo kwa mtu aliyedhuriwa, na kwa aliyeuawa na mnyama wa porini fidia yake ni shilingi milioni 5. Mazao na mifugo pia imetajwa. Lakini wananchi wengi wamelalamika kwamba malipo hukawia sana, na wakati fidia ikingojwa mahindi hayangoji. Watoto na waelezwe sheria hiyo, na pia waelezwe kasoro zake.

Zaidi ya hapo kuna mfano wa kijana Richard Turere. Yeye ni Mmaasai wa Kitengela, upande wa kusini wa hifadhi ya Nairobi, ambako hakuna ua, na simba hutoka watakavyo. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alikabidhiwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba walimwua ng'ombe dume wa pekee waliyekuwa naye, naye akawachukia simba kwa moyo wote. Lakini hakuishia katika chuki. Alijaribu moto, akaona moto wawasaidia simba kuona zizi vizuri zaidi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakarudi nyuma, usiku wa pili wakatambua kwamba sanamu haitembei, wakaingia na kuua. Usiku mmoja alizunguka zizi na kurunzi mkononi, na simba hawakuja. Akafahamu kwamba simba huogopa mwanga unaosogea.

Basi akachukua betri kuukuu ya motokaa, kibao cha kukusanya nguvu za jua, kifaa cha pikipiki kinachofanya taa za kupinda kona kumweka, na balbu za kurunzi zilizovunjika. Akazipanga kuzunguka zizi ziwake na kuzima kwa zamu, mfano wa mtu anayetembea na taa. Simba wakaacha kuja kwao. Majirani wakamwomba awawekee taa hizo, naye akafanya. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alieleza kazi yake mbele ya mkutano mkubwa huko Marekani.

Tazama jinsi alivyofanya. Alitazama, akakisia, akajaribu, akashindwa, akatazama tena. Simba alikuwa mwalimu wake. Hiyo ndiyo zuolojia yenyewe, ijapokuwa hakuipata katika darasa lo lote, na matokeo yake yalikuwa ng'ombe wazima na simba wazima. Mahali ambapo wengine walitumia mkuki au sumu, yeye alitumia ujuzi wa tabia ya mnyama. Darasa la watoto wanaosumbuliwa na nyani laweza kupewa kazi kama hiyo: nyani huja saa ngapi, hutoka upande gani, nani hutangulia, nani hukaa juu ya mti kulinda wengine? Majibu yakiandikwa daftarini kwa muda wa muhula mmoja, mzazi mwenyewe atataka kuyasoma.

VYAMA VYA WANAFUNZI

Kenya haianzi jambo hili leo. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari walianzisha chama kiitwacho Wildlife Clubs of Kenya, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Afrika, na matawi yake yakaenea katika shule nyingi. Gazeti lao liliitwa Komba, kwa jina la yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa aliaye usiku. Jina hilo lilichaguliwa vyema kuliko kama wangalichagua simba. Komba huishi hata katika miti ya mjini, na mtoto maskini aweza kumsikia bila kulipa kiingilio. Wanachama wamepanda miti, wamesafiri kwenda hifadhi, wameshindana kuandika na kuchora.

Wako wasemao kwamba vyama hivi ni vya kujipatia safari tu, na kwamba mtoto hujiunga ili apande basi. Yamkini ni kweli kwa baadhi yao. Lakini mtoto aliyepanda basi kwa ajili ya safari humwona twiga pia, na tofauti kubwa huonekana kwa mwalimu anayewapa kazi ya kufanya kabla ya safari na baada yake. Mwanafunzi aliyezoea kuandika habari za ndege wa shuleni kila wiki, akifika hifadhini hupiga maswali hata askari wa wanyama hushangaa. Asiyezoea huuliza soda itauzwa wapi.

Kwa shule isiyo na chama wala basi, bundi bado yupo. Aliyekwisha kuchagua mahali pake pa kulala hukaa hapo miezi mingi asipofukuzwa, na chini yake vidonge vipya huanguka karibu kila siku. Kinachotakiwa ni mkebe, maji ya moto, miiba michache, na ruhusa ya mwenye ghala.